Njia ya Kuli, Kutoka Forodhani hadi Kariakoo

Msikilizaji wangu, kabla sijasema lolote naomba uisikie sauti moja. Ni sauti ya vikombe vya kahawa. Muuza kahawa wa Dar es Salaam haiti wateja wala hapigi kengele. Mkono mmoja umeshika buli juu ya jiko la mkaa, na katika kiganja cha mkono wa pili anagonganisha vikombe viwili vidogo vya kauri, na aliye ndani ya nyumba anajua kwamba kahawa inapita. Jumamosi iliyopita niliisikia sauti hiyo mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya Boma la Kale, mkabala na boti za Unguja. Mara ya pili ilikuwa karibu na adhuhuri, Mtaa wa Nyamwezi, Kariakoo. Kati ya kikombe kile cha kwanza na kile cha pili ndipo ulipo mji mkongwe wa Dar es Salaam, na jioni hii nataka tuutembee pamoja.

Wanaosafiri Ulaya hurudi na habari za miji ya juu. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, una kilima kiitwacho Toompea, walikokaa watawala na makabaila. Chini yake ukakaa mji wa wafanyabiashara na mafundi, na kati yao pakawa na ukuta na lango lililofungwa usiku. Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, una Gornji Grad, maana yake mji wa juu, na tangu mwaka 1890 kuna kigari kinachovutwa kwa kamba kupandisha watu mteremko wa mita 66 tu. Wageni hulipa nauli wakatazame paa za vigae na barabara za mawe. Nami kwa miaka mingi, mtu akiniuliza mji wa juu wa Dar es Salaam uko wapi, nilimjibu kwamba hatuna, kwa kuwa Dar ni tambarare kama sinia. Siku hizi sijibu hivyo. Dar nayo iligawanywa juu na chini. Waliogawa hawakuwa na kilima, basi wakatumia kanuni za ujenzi.

Aliyenifundisha kuuona mgawanyo huo ni marehemu babu yangu mzaa mama. Alikuwa kuli. Alikuja kutoka Rufiji akiwa kijana, akapanga chumba Kariakoo, na kila alfajiri akatembea kwenda bandarini. Wakati huo gati za kina kirefu zilikuwa hazijajengwa. Meli ilitia nanga katikati ya bandari, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakaletwa ufukoni, na kutoka hapo gunia lilipanda begani mwa mtu. Septemba 1947 alikuwa mmoja wa makuli waliogoma, mgomo uliofuata reli mpaka miji ya bara. Mimi nilimkuta mzee, miaka ya 1970, magoti yamekwisha, lakini Jumapili akinishika mkono tukatembea njia yake ya kazini, naye akinionyesha nyumba moja moja. Njia hiyo ndiyo ninayoifuata leo. Tunaanzia baharini, kama yeye alipokuwa anarudi nyumbani jioni.

Basi tuanze Boma la Kale. Liko kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Sokoine Drive, na wengi hulipita wakikimbilia boti bila kugeuza shingo. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alilijenga mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake, alipoamua kuanzisha mji jirani na kijiji cha Mzizima cha Wazaramo na Washomvi. Bandari hii aliipendea mdomo wake mwembamba na maji yake yaliyotulia, ndiyo maana mji ukaitwa Dar es Salaam. Kuta za Boma ni za matumbawe na chokaa, nene kuliko mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Mlango ni wa Kizanzibari, wa mbao iliyochongwa.

Lakini babu hakunionyesha mlango. Alinambia nitazame juu. Dari ya nyumba ya mawe ya pwani hubebwa na boriti zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake hupangwa mawe na chokaa. Boriti ya mkoko haivuki upana mkubwa bila kupinda, kwa hiyo chumba cha Mswahili cha mawe huwa kirefu na chembamba, Lamu, Unguja, Kilwa, kote ni vivyo hivyo. Fundi alipima chumba kwa mti alionao. Na mikoko hiyo, babu alisema kwa majivuno ambayo sijayasahau, ilitoka kwao, delta ya Rufiji, ikaja kwa majahazi. Kwake yeye, nyumba ya wageni wa Sultani ilikuwa na kitu cha Mrufiji juu ya vichwa vyao wote.

Siku hizi ndani ya Boma kuna kituo cha urithi wa usanifu wa majengo ya Dar es Salaam, na maonyesho yanayoeleza jinsi jiji lilivyokua. Nenda ukayaone, na upeleke watoto.

Hatua chache kutoka hapo kuna nyumba nyingine ya enzi za Majid, Atiman House, iliyokuwa ya akina mama wa jumba la Sultani, baadaye ikawa ya mapadri wa White Fathers. Jina lake ndilo linanifanya nisimame. Adrian Atiman alikuwa mtoto aliyetekwa karibu na Timbuktu, huko Mali, akauzwa, akakombolewa na mapadri hao, akasomea uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Fikiria, msikilizaji. Nyumba iliyojengwa na mtawala katika zama ambazo watu walikuwa wakiuzwa, leo inaitwa kwa jina la mtu aliyewahi kuuzwa.

Majid alifariki mwaka 1870 na mji wake ukazubaa. Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo. Ndani ya miaka michache ufuko wote wa Kivukoni ukawa na sura nyingine. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye paa la vigae vyekundu, lilianza kujengwa mwaka 1898. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilianza mwaka 1897 na kukamilika 1902, na hata leo ukiingia mchana wa joto unapokewa na ubaridi wa mawe. Ikulu nayo ilikuwa nyumba ya gavana wa Kijerumani. Manowari za Waingereza ziliipiga mizinga mwaka 1914, na Waingereza wenyewe wakaijenga upya na kuimaliza mwaka 1922.

Sasa zile kanuni. Mwaka ule ule wa 1891 Wajerumani walitunga kanuni za ujenzi, wakazifanyia mabadiliko mwaka 1914, na Waingereza walipochukua nchi wakaendelea na shabaha ile ile. Maandishi yake yalizungumza zaidi juu ya nyumba kuliko rangi ya mtu. Upande wa mashariki, unaopigwa na upepo wa bahari, zijengwe nyumba imara za Kizungu tu. Katikati, maduka na makazi ya watu wa biashara. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti, huko nyuma. Na kwa kuwa mshahara wa kuli haukununua saruji, kanuni ya nyumba ikawa kanuni ya mtu. Hivyo ndivyo tulivyopata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Hospitali zikafuata mpango huo huo. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Kwa ajili ya wengine ilijengwa hospitali kwa fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo, na jina la Sewa Haji bado liko kwenye wodi ya Hospitali ya Muhimbili mpaka leo, ingawa wagonjwa wengi wanaolala humo hawajui alikuwa nani.

Huo ndio mji wetu wa juu. Babu aliuita kwa jina moja tu, "penye upepo". Nami naona hakuna ramani iliyousema vizuri zaidi. Anayeijua Dar ya Januari, jua likiwa utosini, anajua upepo wa bahari una thamani gani.

Turudi nyuma kidogo tupande hadi Samora, kwenye Sanamu ya Askari. Hapo ndipo babu alipopumzika. Mahali hapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao, mwaka 1909. Waingereza waliing'oa walipouteka mji, na mwaka 1927 wakaweka askari Mwafrika wa shaba, bunduki mbele, singe imeelekea bandarini. Aliyemfinyanga ni Mwingereza James Alexander Stevenson. Maandishi yaliyo chini yametungwa na Rudyard Kipling, na yamewekwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja wapagazi pia, waliobeba chakula na risasi za jeshi. Lakini aliyesimama juu ni askari peke yake.

Nairobi iko sanamu ya aina hiyo hiyo, kazi ya mchongaji yule yule, ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Huku kwetu mpagazi hakupata nafasi juu ya jiwe. Na hao wapagazi walikuwa wengi kuliko askari mara nyingi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwachukua vijijini, wengine kwa ujira, wengi kwa nguvu, kwa sababu ndorobo aliua farasi na punda, na kule jeshi lilikokwenda hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na walikufa kwa kuhara damu, malaria na njaa zaidi kuliko risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Wakisubiri kupelekwa mbele walikaa kwenye kambi nje ya mji, pale Wajerumani walipokuwa wameanza soko. Watu wakalichukua jina kwa ulimi wao. Carrier Corps ikawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, na chimbuko ni hilo hilo.

Kwa hiyo mpagazi ana kumbukumbu yake. Haikuandikwa na mtunga mashairi yeyote wa dola, na haina shaba, lakini inatajwa mchana kutwa na makondakta wa daladala.

Kutoka kwa Askari tunafuata Samora kuelekea magharibi, na huku ni Uhindini. Hapa nakuomba ufanye jambo moja tu, uinue macho. Chini ni simu, miwani, dawa, fremu za maduka zilizobanana kama popote pengine. Juu ya vibao hivyo mji mwingine unaendelea kuishi. Kuna roshani za mbao na za chuma, madirisha ya vipepeo, nakshi za lipu, na kileleni mwa kuta nyingi kumeandikwa mwaka nyumba ilipojengwa, pengine na jina la mwenyewe. Ukiingia Kisutu na Mchafukoge, Mtaa wa Mosque, Mtaa wa Indira Gandhi, Mtaa wa Zanaki, unasoma historia ya familia zilizoanza na duka chini na kulala ghorofani.

Nyumba hizi zimechakaa, na uchakavu wake una sababu. Aprili 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Sheria ile ilikuwa na haki ndani yake, maana mji mzima ulikuwa mikononi mwa wachache, na sisomi hapa hukumu juu yake. Nasema kilichotokea kwa mawe. Kodi zilibaki ndogo, wenye nyumba wa zamani wengi wakahama nchi, na kwa miaka mingi hakuna aliyepaka rangi wala kuziba paa linalovuja. Maji ya mvua yakashuka ndani ya ukuta wa chokaa. Kisha bei ya kiwanja ikapanda, na nyumba iliyochakaa ikawa hoja ya kuivunja. Salamander, jengo la Samora lililojulikana na kila mtu aliyekwenda mjini kunywa chai, nalo lilivunjwa. Nilipita siku moja mabati yamezungushwa, nikapita tena pakawa wazi. Niliumia kama nimepokea habari ya msiba nikiwa barabarani.

Tunafika Mnara wa Saa, uliowekwa mwaka 1961 kuadhimisha Dar es Salaam kuwa jiji. Kushoto ni stesheni ya reli ya kati, reli iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro kutoka stesheni mpya iliyo jirani, na kuna vijana wanaodhani reli imeanza hapo. Tunashika Mtaa wa Uhuru. Babu hadi anakufa aliuita Kichwele, jina lake la zamani.

Mbele yetu miti, nyasi, na anga. Hapa ni Mnazi Mmoja.

Msikilizaji, ukitaka kuuona ule ukuta wa Tallinn hapa Dar es Salaam, simama Mnazi Mmoja. Hutaona jiwe hata moja. Ukuta wenyewe ni huu uwazi. Wapanga mji wa kikoloni walitaka pawe na eneo tupu kati ya wao na Waafrika, wakitoa hoja ya mbu na magonjwa, na baada ya vita Waingereza wakaziondoa nyumba za Waswahili zilizokuwa hapa. Wakazi wakapelekwa Kariakoo, kwenye shamba la minazi la Mzungu mmoja lililokuwa limenunuliwa na serikali ya Kijerumani na kupimwa viwanja vya mraba kabla tu ya vita. Babu alisema alfajiri ya kiza uwanja huu ulikuwa mrefu kuliko njia yote iliyobaki. Nyuma yake watu na moshi wa vijinga, mbele yake taa za umeme za wengine, na katikati peke yake na umande.

Lakini tazama uwanja huu umekuwa nini. Upande wa mjini unapakana na Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Dar es Salaam aliyewaingiza kina mama wenzake TANU kwa maelfu. Upande wa Kariakoo unapakana na Mtaa wa Lumumba. Katikati umesimama Mnara wa Mwenge. Pembeni kuna Ukumbi wa Arnautoglu. Na ng'ambo tu ya barabara, kwenye mtaa ambao zamani uliitwa New Street, wazee wa African Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1929, walijenga ofisi yao kwa michango na kwa mikono yao. Hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Leo pana jengo lingine.

Tuingie Kariakoo sasa. Kwanza sikio linajaa, halafu pua. Ndizi, mafuta ya taa, vitenge vipya, dagaa. Mtaa wa Kongo hupiti, unapitishwa. Na muda si muda utasikia mtu nyuma yako anasema, "Mzigo huo, pisha!" Usigeuke kumtazama, pisha kwanza. Anakuja kijana ana ngata kichwani, juu ya ngata robota la mitumba, shingo imekaza mpaka mishipa imesimama, macho yameganda hatua tatu mbele. Hawezi kusimama, kwa sababu akisimama mzigo ndiyo unakuwa mzito. Karibu miaka 110 tangu kambi ile ya wapagazi, na bado mahali hapa panabeba kwa kichwa.

Soko lenyewe ni kazi ya msanifu Mtanzania, Beda Amuli, na Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Amuli alilifunika kwa miavuli ya zege iliyopinduliwa, kivuli cha mti aliokuwa akiuwaza, mti ambao watu wetu wamekuwa wakiuza na kununua chini yake tangu zamani. Miavuli ile inakinga mvua na kuiteremsha hadi kwenye matangi ya chini. Tarehe 10 Julai 2021 usiku soko liliungua. Nilikwenda kesho yake nikasimama mbali na watu wengine, na niliona akina mama watu wazima wameketi chini kwenye lami, mikono kichwani, bila sauti. Baadaye likajengwa upya, na miavuli ikabaki. Kwangu hilo ni jambo kubwa, kwamba safari hii mtu fulani mahali fulani aliamua kitu kisivunjwe.

Nyumba za Kariakoo hazikupata mtu wa kuziamulia hivyo. Na hapa ndipo lilipo neno langu la jioni ya leo.

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo wengi wetu tumezaliwa ndani yake, kwa hiyo tunadhani si kitu. Hebu niieleze kama kwamba hujawahi kuiona. Mbele kuna baraza, inayoelekea mtaani. Unaingia ukumbini, yaani ujia unaokwenda moja kwa moja toka mlango wa mbele hadi wa nyuma, na kila upande vyumba vitatu. Ukitoka mlango wa nyuma uko uani, na huko kuna jiko, bafu, choo, pengine na vyumba vya nyongeza. Kuta zilikuwa za fito na udongo uliokandikwa, paa la makuti, baadaye madebe yaliyokunjuliwa, kisha bati. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vingine anapangisha. Babu alipanga kwa bibi mmoja wa Kizaramo. Katika vyumba vingine mlikuwa na Mnyamwezi wa reli, Mmanyema fundi cherehani, mtu na mkewe kutoka Songea, na mpishi aliyefanya kazi kule penye upepo. Ukumbi mmoja, choo kimoja, na wote wakipeana zamu ya jiko. Lugha ya kugombania zamu ilikuwa Kiswahili. Wanasiasa walikiita baadaye lugha ya taifa, lakini ukumbi ule ulikuwa umekwisha kukifundisha, bure, kwa watu wasiojua hata kusoma.

Na baraza? Juu ya baraza ndipo gazeti liliposomwa kwa sauti, ndipo bao lilipochezwa, ndipo Yanga ya mwaka 1935 na Simba iliyofuata mwaka mmoja baadaye zilipopangwa, zikafungwa, zikasamehewa. Nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, humu humu Kariakoo, ndimo Mwalimu Nyerere alimokaribishwa na wazee wa mji. Uhuru wa nchi hii haukupangwa ndani ya majumba ya vigae vyekundu. Ulipangwa kwenye nyumba zenye ukumbi wa katikati na wapangaji sita.

Nyumba hizo zinakwisha. Mwenye kiwanja anafuatwa na mtu mwenye fedha, wanaandikiana, ghorofa linapanda, mwenye kiwanja anapewa sehemu yake ya juu, na chini zinakatwa fremu ambazo kilemba chake kinaweza kumzidi mtu mshahara wa miaka. Simlaumu hata mmoja aliyekubali. Mjane mwenye wajukuu tisa na paa linalovuja hana deni kwa watalii. Ninalolilalamikia ni letu sote. Sheria yetu ya mambo ya kale ni ya mwaka 1964, na majengo ya Dar es Salaam iliyoyakinga ni, kwa sehemu kubwa, ya upande ule wa upepo. Ni vizuri yakingwe. Lakini tumerithi macho ya wale waliotugawa. Wao walisema nyumba ya udongo si nyumba, nasi tumeendelea kuitazama hivyo hivyo. Zanzibar walianzisha mamlaka ya Mji Mkongwe mwaka 1985, na mwaka 2000 Unesco ikauingiza katika urithi wa dunia. Huku Bara mji wetu mkongwe hatujauita hata jina.

Na kasi hii ina gharama nyingine. Novemba 2024 ghorofa lilianguka hapa Kariakoo, watu wakiwa ndani, wengine chini kabisa kwenye maduka. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilisikiliza kama kuna sauti chini ya kifusi. Tuliwazika. Nawakumbuka hapa kwa sababu na wao ni watu wa mtaa huu, walikuja kutafuta riziki kama babu yangu.

Ninachokiomba ni kidogo mno. Kabla nyumba haijavunjwa, mwanafunzi wa usanifu apewe siku mbili aipime na kuichora, ukumbi, vyumba, baraza, ua. Mtu mwenye kinasa sauti akae na mzee wa nyumba hiyo, amuulize nani alilala chumba gani. Picha na michoro iwekwe mahali pa wazi, hata Boma la Kale penyewe, ili nyumba ya mtawala ihifadhi kumbukumbu ya nyumba ya kuli. Na nyumba tatu nne zilizobaki na mabaraza yao, halmashauri ikae na wenyewe, wasamehewe kodi ya jengo na wasaidiwe bati, wabaki nazo kwa raha zao. Hayo hayahitaji mfadhili kutoka mbali. Na wenye vyuo wanafunzi wanao tayari.

Nilipofika Mtaa wa Nyamwezi ile Jumamosi, nilihesabu viwanja kwa vidole kutoka kona, kama alivyonifundisha, maana nyumba ya yule bibi wa Kizaramo haipo tena. Ni ghorofa saba, vioo vya bluu. Chini wanauza mapazia. Mbele ya duka kuna ngazi mbili za marumaru, pale pale palipokuwa baraza. Kijana mpagazi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, ngata ameiweka gotini, jasho linamtiririka. Nilidhani mwenye duka atamfukuza. Akatoka, akamtazama, akarudi ndani, akaja na kigoda chake mwenyewe, akaketi karibu naye. Wakaanza kubishana juu ya mechi ya jioni. Ndipo nikasikia vikombe vikigonganishwa upande wa pili wa barabara. Nikanyoosha mkono, nikaagiza vitatu, na kashata.